Mohamed Amin: Mpiga Picha Aliyetunza Negatifu Zake

 Katika toleo hili tumeona vema tueleze maisha ya mtu mmoja ambaye wengi wetu tuliona kazi yake bila kulijua jina lake. Ni Mohamed Amin, mpiga picha wa Afrika Mashariki, ambaye rafiki zake walimwita Mo. Tumemchagua juu ya jambo moja linalotusumbua hapa chamani. Wengi wetu tulirudi mikono mitupu, bila hata foto moja ya wazazi wetu, na sasa tunapigwa picha kila mara msaada unapofika. Maisha ya huyu bwana yanatusaidia kufikiri vizuri juu ya picha: inatoka wapi, inadumu vipi, na ni ya nani.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, mwaka 1943. Baba yake alikuwa Mpunjabi aliyefika Kenya kufanya kazi ya reli. Baadaye kazi ikampeleka baba Tanganyika, na mtoto akakulia Dar es Salaam. Hawakuwa matajiri. Akiwa bado mwanafunzi alipata kamera ya mtumba aina ya Box Brownie, kisanduku tu chenye lenzi mbele na kitasa cha kubonyeza. Kamera ile haina mambo mengi. Huwezi kuchagua mwendo, huwezi kusogeza lenzi, na mkanda mmoja unatoa picha nane basi. Mtoto mwenye picha nane mkononi anajifunza haraka kutopoteza hata moja.

Shuleni Dar es Salaam ndiko alikojifunza pia kazi ya chumba cha giza, yaani kusafisha mikanda na kutoa picha kwa mikono yake mwenyewe. Hebu tueleze kidogo kazi hiyo, maana vijana wetu wamezaliwa na simu mkononi, na wengine wanadhani picha ni kitu kinachojitokea chenyewe.

Mkanda wa picha nyeusi na nyeupe ni utepe wa plastiki uliopakwa ute mwembamba wa jelatini, na ndani ya ute huo mna punje ndogo sana za chumvi ya fedha. Mwanga ukizigusa zinabadilika, ila jicho halioni kitu bado. Mkanda unatolewa kwenye kamera na kuviringishwa kwenye kibirika maalumu ndani ya giza totoro. Hata ile taa nyekundu mnayoiona kwenye sinema haifai hapo, ni ya kutolea picha kwenye karatasi tu. Mtu anafanya kazi kwa vidole, kama anayetafuta kiberiti usiku. Kisha inamiminwa dawa ya kwanza, ambayo inageuza zile punje zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Halafu inakuja dawa ya kukaza, inayoondoa punje ambazo hazikuguswa, ili mkanda usiharibike ukitoka nje. Mwisho ni maji safi, tena mengi, ndipo unaanikwa mahali pasipo na vumbi. Kinachopatikana ndo negatifu: palipokuwa na mwanga pamekuwa peusi, na palipokuwa na giza panapitisha nuru. Kwa negatifu moja unaweza kutoa picha mia, leo au baada ya miaka hamsini.

Shida kubwa ya kwetu Afrika ilikuwa joto. Karatasi za maelekezo ya dawa hizo zinahesabu maji ya digrii 20, na kwa joto hilo mkanda unakaa kwenye dawa ya kwanza kama dakika nane au kumi, kwa kadiri ya mkanda na dawa yenyewe. Sasa Dar es Salaam maji ya bomba yanaweza kuwa digrii 28 au zaidi. Dawa ikiwa ya moto inafanya kazi mbio mno, picha inatoka nyeusi kupita kiasi, na ule ute unalainika hata unaweza kubanduka kama ganda la muhogo uliolowekwa. Ndo maana mafundi wa pwani na wa bara walifanya kazi usiku au alfajiri, wakapoza dawa kwa barafu pale ilipopatikana au kwa maji ya mtungi, na wakapunguza dakika kadiri joto lilivyopanda. Hakuna aliyekuja kuwafanyia. Mtu alijifunza kwa kuharibu mkanda, na mkanda ulinunuliwa kwa pesa.

Kabla ya hayo yote kuna kuchagua mkanda wenyewe, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Kila mkanda una namba yake. Wenye namba ndogo, kama 50 au 100, unataka jua la kutosha, lakini punje zake ni ndogo na picha inatoka laini hata ikikuzwa sana. Wenye namba 400 una punje kubwa zaidi. Unakamata mwanga hafifu wa jioni au wa ndani ya nyumba, ila picha ikikuzwa unaona mchanga mchanga. Watu wa magazeti wa miaka ile walipenda mikanda ya haraka kama Tri-X ya Kodak, ambayo ilianza kutoka kwa kamera ndogo mwaka 1954, na ile ya HP ya Ilford ya Uingereza. Hawakuichagua kwa uzuri. Mwandishi wa habari hawezi kumwambia rais, au mtu anayekimbia risasi, asubiri jua litoke. Hata hapo waliweza kuulazimisha mkanda: wanaupiga kana kwamba ni wa 800 au 1600, kisha wanauongezea dakika kwenye dawa. Picha inapatikana, ila mahali pa giza panapotea kabisa. Kila uamuzi una bei yake.

Na kwa nini nyeusi na nyeupe? Mikanda ya rangi ilikuwepo, lakini ilikuwa ghali, dawa zake hazikubali joto lipande wala lishuke hata kidogo, na mingine ilibidi itumwe Ulaya kwenye maabara ya kampuni. Magazeti yenyewe yalichapa nyeusi na nyeupe. Mwenye chumba cha giza chake, ndoo mbili za maji na saa ya ukutani, aliweza kupiga picha saa nne asubuhi na kuipeleka gazetini kabla ya jua kuzama. Kwa kijana asiye na mjomba mkubwa serikalini, ule ulikuwa mlango ulio wazi.

Mohamed Amin akaingia kwa mlango huo. Akiwa bado kijana sana alipiga picha za mashindano ya magari ya Safari na kuziuza kwa magazeti. Mwaka 1963, akiwa hajatimiza miaka ishirini na moja, akafungua Dar es Salaam kampuni yake, Camerapix. Alianza kubeba kamera mbili: moja ya picha za kawaida, nyingine ya sinema ya milimita 16, ili tukio moja limlipe mara mbili. Januari 1964 yakatokea mapinduzi ya Zanzibar, na siku chache baadaye askari wa Tanganyika wakaasi. Amin alikuwa karibu kuliko waandishi wa Ulaya, alijua Kiswahili, alijua njia za mji. Kazi yake ikaanza kuonekana duniani kupitia shirika la habari za picha la Visnews la London, ambalo alilifanyia kazi kwa miaka mingi.

Hapo ndipo alipopata pigo lake la kwanza, ambalo sisi wa chama hiki tunalielewa bila kuelezwa sana. Alikuwa amepiga picha za kambi huko Zanzibar ambako wataalamu kutoka Muungano wa Sovieti na Ujerumani Mashariki walikuwa wakifundisha askari. Wakubwa hawakupenda. Mwaka 1966 akakamatwa, akatiwa katika jela ya Kiinua Miguu karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa nchini na kurudishwa Kenya. Mtu aliyekulia Dar es Salaam, aliyesoma pale, aliyefungua kazi yake pale, akaamka siku moja ameambiwa kwake si kwake. Nairobi ilikuwa mahali alipozaliwa, kweli, lakini maisha yake aliyajenga kwingine. Kuna wanachama wetu waliozaliwa Lusangi wakalelewa Kigoma, na wengine waliozaliwa kambini wakaja Kabambare wakiwa wakubwa. Wanajua kwamba neno kurudi lina upande mtamu na upande mchungu.

Hakukaa kulalamika. Camerapix ikasimama upya Nairobi. Tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi mchana, waziri Tom Mboya akapigwa risasi akitoka dukani katikati ya mji wa Nairobi. Amin alifika mapema sana. Aliendelea kupiga picha ndani ya gari la wagonjwa lililompeleka Mboya hospitali. Mtu anaweza kuuliza, na watu waliuliza, kama ni haki kunyanyua kamera wakati mwenzako anakata roho. Hatutatoa hukumu hapa. Tunasema tu kwamba bila zile picha, Wakenya wa leo wangekuwa na maneno ya watu peke yake kuhusu saa ile. Kazi hiyo ilimpatia tuzo na jina Uingereza. Mwaka uliofuata, yeye na mke wake Dolly wakapata mtoto, Salim, ambaye baadaye aliishika kazi ya baba.

Miaka iliyofuata alizunguka sana. Alipiga picha utawala wa Idi Amin Uganda, alipiga picha za hija ya Makka na kutoa kitabu, alizunguka ziwa Turkana akatoa kingine. Lakini jambo ambalo tungependa mliangalie kuliko sifa hizo ni kazi ya nyuma ya kazi. Mikanda iliyosafishwa haikutupwa wala kuachiwa wanunuzi moja kwa moja. Ilitunzwa Camerapix mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa hazina ya mamilioni ya picha. Leo mtu akitafuta sura ya Nyerere, ya Kenyatta au ya Karume katika siku zile, mara nyingi anaishia kwenye hazina hiyo. Picha iliyouzwa gazetini ilikufa jioni ile ile, ikafungia karanga. Negatifu ndiyo iliyoishi.

Sasa tufike mwaka 1984, kwa maana huo ndio unaowahusu sana wafadhili. Ethiopia kulikuwa na njaa kubwa, na serikali ya kule haikutaka watu waione. Oktoba ile Mohamed Amin, pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC, walipata ruhusa ya kwenda kaskazini, hadi Korem na Mekele. Safari hii hakutumia mkanda wa fedha na dawa. Ilikuwa kamera ya video, yenye rangi, isiyohitaji chumba cha giza. Lakini jicho lilikuwa lile lile la mtoto mwenye picha nane. Habari ilionyeshwa London tarehe 23 Oktoba 1984, kisha vituo vya televisheni zaidi ya 400 duniani vikaionyesha. Watu wakalia, wakachanga. Wanamuziki wa Uingereza na wa Marekani wakaimba kwa ajili ya Ethiopia, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika lile tamasha kubwa la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Kuna watu walio hai leo kwa sababu ya picha zile. Hilo tunalisema wazi na kwa shukrani.

Ila tuseme na upande mwingine. Katika zile picha nyuso zilikuwa nyingi na majina yalikuwa machache. Baada yake ikazuka desturi duniani ya kuonyesha Afrika kama mtoto mwenye tumbo na nzi, bila jina, bila kijiji, bila baba. Si Mohamed Amin aliyeianzisha, wala hakuitaka. Vitabu vyake vingi vilijaa Waafrika wanaofanya kazi, wanaoswali, wanaovua samaki na kucheza ngoma. Lakini desturi hiyo imefika mpaka kwetu. Mama anayepokea jembe au mbegu anaambiwa asimame hivi, asicheke. Foto inakwenda, yeye haijui ilikokwenda, na hapati hata nakala moja ya kuweka ukutani. Sisi ambao nyumba zetu ziliungua pamoja na picha zote ndani tunaona uchungu wa pekee hapo: tunapigwa picha kila mwezi, na bado hatuna picha.

Turudi kwa Mo. Tarehe 4 Juni 1991 alikuwa Addis Ababa, siku chache baada ya serikali ya Mengistu kuanguka, ghala la silaha likalipuka. Mwenzake wa kazi, fundi wa sauti John Mathai, alikufa pale pale. Amin akapoteza mkono wa kushoto. Kwa mpiga picha, mkono wa kushoto ndio unaoshika lenzi. Wengi walidhani amekwisha. Yeye akatengenezewa mkono wa bandia, akajifunza upya kushika kamera, na hazikupita siku nyingi akarudi kazini. Tuna wanachama waliokatwa viungo katika vita. Hatuwaambii kwamba ni jambo dogo, kwa sababu si dogo. Tunawaambia tu kwamba huyu bwana alikuwepo na alifanya hivyo.

Mwisho wake ulikuja Novemba 1996, mwezi ule ule ambao wengine wetu hatuwezi kuusahau. Huku kwetu vita vilikuwa vimewaka Kivu, watu wanavuka ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, na kule Kasulu, mkoa wa Kigoma, kambi ya Nyarugusu inafunguliwa kwa ajili ya Wakongomani. Tarehe 23 ya mwezi huo Mohamed Amin alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Watekaji watatu wakaiteka wakitaka ipelekwe Australia, rubani akasema mafuta hayatoshi, nao hawakusikia. Mafuta yakaisha kweli. Ndege ikaanguka baharini karibu na ufuko wa Ngazija, visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, akiwemo Mohamed Amin na mwandishi Brian Tetley, rafiki yake aliyeandika naye vitabu vingi. Amin alikuwa na miaka 53.

Alikufa, lakini hazina yake haikufa naye. Mtoto wake Salim na Camerapix wameendelea kuitunza, na mengi yamewekwa kwenye kompyuta ili watu wa Afrika Mashariki wayaone. Yaani mtu aliyefukuzwa Dar es Salaam akiwa kijana, picha zake za Dar es Salaam zimerudi zenyewe.

Sasa kwetu. Wandugu, kabla ya vita Kasongo na Kabambare kulikuwa na mafundi wa picha waliopita vijijini kwenye harusi, ubatizo, Idi na matanga. Wengi walipiga nyeusi na nyeupe. Picha walizotuuzia zimeungua au zimeoza, ila negatifu inawezekana ziko kwenye kopo la maziwa juu ya dari ya mtoto wa fundi, na yeye hajui ni nini. Negatifu nyeusi na nyeupe iliyokazwa na kuoshwa vizuri inadumu kuliko picha ya rangi, maana ile ni fedha, si wino. Foto ya mzee amesimama mbele ya nyumba yake imesaidia zaidi ya mara moja watu wanapobishana juu ya kiwanja au juu ya nani ni mtoto wa nani. Msitupe kitu. Msipanguse kwa kitambaa wala mate. Shikeni ukingoni, wekeni kwenye bahasha ya karatasi kavu na siyo mfuko wa plastiki, maana plastiki inashika unyevu na mkanda unanata. Andikeni juu ya bahasha kwa penseli: nani, wapi, mwaka gani. Kama hamna hakika, ulizeni wazee sasa, wangali hai. Kisha leteni kwa mwandishi wa chama, aandike kwenye daftari na kutafuta namna ya kuzitoa tena.

Na ninyi wafadhili, tunawaomba jambo lisilo na gharama kubwa. Picha tutaendelea kuwatumia, maana mna haki ya kuona mchango wenu umefanya nini. Ila kuanzia sasa tutatuma za watu waliokubali wenyewe, wanaocheka kama wanataka kucheka, na kila aliyepigwa atapewa nakala yake mkononi. Atakayependa jina lake liandikwe, litaandikwa, atakayeogopa, tutamheshimu. Kama mnaweza kuongeza kidogo kwa ajili ya karatasi, bahasha na mashini ya kunakili negatifu kwenye kompyuta, tutashukuru. Foto moja ya bibi wa mtu, iliyorudi Lusangi baada ya miaka thelathini, nayo ni msaada.